Debe tupu haliachi kuvuma: kabla ya kununua spika nyingine, kitazame chumba

Julai iliyopita mamangu alikuja kutoka Mombasa kukaa nasi wiki tatu hapa Kileleshwa. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, nilimwekea wimbo wa Juma Bhalo, ule aliokuwa akiusikiza kwenye redio kaseti jikoni kwetu Kuze wakati mimi ningali mdogo. Nia yangu hasa ilikuwa kumwonyesha spika mpya. Alitega sikio dakika mbili tatu, kisha akaniangalia.

"Mwanangu, huyu aimba ama ametumbukia kisimani? Sauti naisikia, maneno siyasikii."

Nikaongeza sauti. Akasema sasa ndiyo hasikii kabisa, akaenda zake chumbani. Wiki ile nzima hakukaa tena sebuleni muziki ukilia. Hata mezani mazungumzo yakawa ni ya "umesemaje?" na "sema tena," mpaka watoto wakachoka kumsemesha bibi yao.

Aibu yangu ni kuwa nilikuwa nimekwisha kupoteza pesa mara mbili. Spika za kwanza niliziona mbovu, nikaziuza kwa hasara. Za pili zikavuma vile vile. Muuzaji katika duka moja la katikati ya jiji akanishauri niongeze spika ya besi, nikaongeza, na mvumo ukazidi. Hakuna aliyeniuliza chumba changu kikoje, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Wengi wetu wa pwani tunaoishi Nairobi, kuanzia fleti za Kilimani na Lavington hadi vyumba vya Kangemi na Kawangware, tuna tatizo hili na twaliita kwa jina lisilo lake. Twasema spika ni mbovu, ama kaseti imechakaa, ama mzee amekuwa kiziwi. Mara nyingi mwenye makosa ni chumba. Habari njema ni kuwa chumba hurekebishika kwa pesa chache kuliko spika.

Kinachotokea ndani ya chumba

Sauti ikitoka kwenye spika husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Sehemu ndogo yaja moja kwa moja sikioni. Iliyobaki yaenda kwenye kuta, dari, sakafu na vioo, yagonga na kurudi, kisha yagonga tena kwengine. Taili, zege, kioo na plasta humeza asilimia mbili tatu tu ya sauti kila inapogonga, na yote iliyosalia huirudisha chumbani. Ndani ya sebule isiyo na kitu, sauti moja yaweza kugonga huku na huku mamia ya mara kabla haijafa. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Walikuwa wakisema watu, lakini na vyumba ni vivyo hivyo.

Mtu anayesema kwa kawaida hutoa silabi nne au tano kwa sekunde. Ikiwa kila silabi yakaa hewani sekunde mbili au tatu, basi ile unayoisikia sasa imefunikwa na mabaki ya silabi kumi zilizotangulia. Ukiongeza sauti ya spika, mabaki nayo yaongezeka kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana mamangu alisema hasikii kabisa nilipozidisha.

Kwa lugha yetu hasara ni kubwa zaidi. Irabu zina nguvu na hudumu, lakini konsonanti ni fupi na nyepesi, nazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kwa Kimvita, kaa la moto na kaa wa baharini hayasikiki sawa, kwa sababu la pili lina pumzi. Paa la nyumba na paa wa porini kadhalika. Pumzi ile ni mlio wa muda mfupi mno, na ndiyo inayomezwa kwanza na mvumo. Na taarab ni maneno. Fumbo likipotea herufi moja limepotea lote, ukabaki na fidla na dumbaki. Kwa mtu mzima ambaye sikio lake limeanza kupoteza sauti nyembamba, kama iwavyo kwa wengi wakizeeka, chumba chenye mvumo humtenga na mazungumzo ya nyumba yake mwenyewe.

Mbona nyumbani hatukulijua?

Si kwamba kuta za Mji wa Kale au za Lamu ni laini. Mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa ni magumu kama ukuta mwengine wowote. Lakini tazama mengine. Madirisha huwa wazi mchana kutwa kwa sababu ya joto, na milango vile vile. Nyumba kubwa za Lamu zina kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa, na sauti ikipanda huko hairudi. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na boriti hizo zimepangwa darini moja moja, kwa hivyo sauti hutawanyika badala ya kurudi kwa pamoja. Zidaka za ukutani hufanya kazi hiyo hiyo. Chini kuna mikeka na mabusati, kando kuna magodoro na mito. Aliye na paa la makuti ana matabaka yenye matundu juu ya kichwa, ambayo hayarudishi sauti kama zege.

Nairobi ni baridi. Mwezi wa Julai madirisha hufungwa tangu magharibi, na ukiyafungua wayakaribisha magari ya Waiyaki Way au Ngong Road. Sakafu ni taili kwa sababu ni rahisi kupiga deki. Dari ni zege, meza ni ya kioo, sofa ni ya ngozi, na pazia ni lile jepesi linaloonyesha nje. Kila kimoja ni kizuri kwa macho, na kila kimoja hurudisha sauti.

Hesabu ya madirisha wazi

Aliyelipigia hesabu jambo hili ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 chuo hicho kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, katika jumba la makumbusho la Fogg, ambamo wasikilizaji hawakuweza kumwelewa msemaji kwa sababu neno lilidumu hewani zaidi ya sekunde tano. Sabine akawa aazima mito ya viti kutoka ukumbi mwengine wakati wa usiku, aipanga ndani, apuliza neli ya kinanda, kisha apima kwa saa ni muda gani sauti yachukua mpaka isisikike. Kila alipoongeza mito, muda ulipungua. Kipimo alichokitumia kilikuwa dirisha lililo wazi. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi humeza sauti yote inayoifikia, kwa kuwa ikishatoka hairudi.

Kanuni yake ni nyepesi. Chukua ujazo wa chumba kwa mita, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya "madirisha wazi" yaliyomo chumbani. Jibu ni sekunde ambazo sauti yachukua kufifia hadi kubaki sehemu moja ya milioni ya nguvu yake.

Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 4, yenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu. Ujazo wake ni mita 54 za ujazo. Ikiwa haina kitu, kuta, dari na sakafu zote pamoja, kiasi cha mita 88 za mraba, humeza sauti kama dirisha wazi la mita 2.7 tu. Jibu ni sekunde 3 na zaidi. Ukumbi wa ibada waweza kuvumilia hilo, sebule haiwezi. Kwa kusikiza maneno na muziki nyumbani, lengo zuri ni kama nusu sekunde. Kulifikia twahitaji mita 17 hivi za dirisha wazi. Na kwa kuwa hatuwezi kubomoa ukuta, twatafuta vitu vya kufanya kazi ya dirisha:

- Zulia zito la mita 3 kwa 4, lenye kitambaa kinene chini yake: kama mita 5.
- Pazia nzito zilizokunjamana, ukuta kwa ukuta, mita 10 za mraba: kama mita 5.
- Sofa za kitambaa za watu watano: kama mita 2 na kitu.
- Fremu nne za kufyonza sauti, za sentimita 60 kwa 120: kama mita 2.6.

Ongeza zile 2.7 za mwanzo, jumla yafika 17 na ushei, na mvumo washuka hadi nusu sekunde. Hesabu hii ni ya kukadiria, na ni ya sauti za kati, ambazo ndizo za maneno. Lakini yaonyesha kuwa zulia na pazia peke yake zakufikisha chini ya sekunde moja.

Anza na yasiyogharimu

Kwanza pima. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio kama wa chemchemi ya chuma, kuta mbili zinazotazamana zarushiana sauti. Kisha weka simu mita 3 kutoka kwa mtu, umrekodi akisoma ukurasa mmoja wa kitabu. Ihifadhi rekodi hiyo. Utairekodi tena kazi ikiisha, mahali pale pale, na sikio lako ndilo litakaloamua.

Pili, sogeza vitu. Spika isiwe pembeni kabisa mwa chumba wala ndani ya kabati, bali iwe mbali na ukuta angalau kwa urefu wa mkono. Spika mbili na kiti chako ziwe pembe tatu zenye umbali sawa, na ile sehemu ndogo ya spika inayotoa sauti nyembamba iwe usawa wa masikio ukiwa umeketi. Kiti kisigusane na ukuta wa nyuma. Nafasi ikiruhusu kiache mita moja. Meza ya kioo iliyo baina yako na spika iondoe, au itandike kitambaa kinene.

Tatu, jaribu kusogea karibu. Ukiwa mita 1.5 kutoka kwa spika badala ya 4, sauti inayokufikia moja kwa moja ni kubwa zaidi ikilinganishwa na ile inayorudi kutoka ukutani. Kwa mzee mwenye shida ya kusikia, hili peke yake laweza kutosha, na hutahitaji kuongeza sauti.

Zulia, pazia na leso

Zulia liwe zito na nyuzi zake ndefu, na chini yake utie kitambaa kingine kinene. Mkeka mmoja mwembamba ni mzuri kwa macho na kwa miguu, lakini kwa sauti haufanyi mengi. Pazia ziwe za kitambaa kizito, zenye upana mara mbili ya ukuta ili zikunjamane, na zining'inie sentimita 10 mbali na kioo. Pazia za mtumba za aina hiyo hupatikana Toi na Gikomba kwa bei ya kupatana.

Fremu ni kazi ya fundi wa mbao ya siku moja. Aunde sanduku lisilo na mgongo, sentimita 60 kwa 120, lenye kina cha sentimita 10. Ndani yake hutiwa pamba ya mwamba, ile inayotumiwa kufunika mabomba ya moto. Wakati wa kuijaza vaa glavu na ufunike pua. Ukiikosa, mablanketi ya sufu ya mtumba yaliyokunjwa tabaka juu ya tabaka yafaa pia. Kitambaa cha kufunika lazima kipitishe hewa: kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita basi na sauti yapita. Leso ya pamba yafaulu jaribio hilo, na ukubwa wake watosha kufunika fremu moja mbele na kando. Ukienda Biashara Street, ya hapa Nairobi au ya Mombasa, chagua leso yenye jina ulipendalo, na ukuta utakuwa na pambo la kwetu badala ya picha ya duka.

Wapi kuzitundika? Keti pale usikizapo, na mwenzako ateleze kioo cha kujitazamia ukutani, upande wako wa kulia. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti yake inapogonga kwanza kabla ya kukufikia. Hapo ndipo mahali pa fremu. Fanya hivyo na kushoto. Mbili zilizobaki ziende ukuta wa nyuma. Aliyepanga na hawezi kutoboa kuta, azisimamishe sakafuni au juu ya kabati.

Besi ni habari nyengine

Sauti nzito haijali zulia. Mlio wa mitetemo 34 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 10, na nusu yake ni mita 5, sawa na urefu wa sebule yetu ya mfano. Wimbi kama hilo hukwama baina ya kuta mbili: karibu na ukuta lina nguvu kupita kiasi, na katikati ya chumba karibu halisikiki. Maradufu ya wimbi hilo hufanya mtindo huo huo, na huko ndiko ziliko nyuzi nzito za udi na mlio wa dumbaki. Ndiyo maana kwenye kiti kimoja ngoma yakupiga kifuani, na kwenye kiti cha pili haipo.

Dawa ya kwanza ni kusogea. Sogeza kiti nusu mita mbele au nyuma, kisha sogeza spika ya besi, ukisikiza wimbo ule ule. Dawa ya pili ni kujaza pembe za chumba kwa kitu kinene sana: fremu zenye kina cha sentimita 20 au zaidi, au hata magodoro ya wageni yaliyosimamishwa pembeni. Dawa ya tatu ni ile ambayo hakuna muuzaji atakayekupa: punguza besi, au izime. Kwa taarab ya kaseti za zamani hutaikosa.

Ya kuepuka

Trei za mayai ukutani hazisaidii. Ni nyembamba, na hugusa sauti nyembamba kidogo tu. Sponji jembamba lenye meno nalo humeza sauti za juu na kuziacha za kati na nzito, mpaka mwimbaji asikike kama aliyefunikwa blanketi.

Zaidi ya yote, sponji la kawaida la magodoro hushika moto upesi mno na moshi wake ni sumu. Nyumba zetu zina chetezo cha ubani, zina mishumaa umeme ukikatika, na zina soketi zilizojaa nyaya. Usilibandike sponji hilo ukutani, hasa ghorofani ambako njia ya kutoka ni ngazi moja.

Jambo jengine: kazi hii haizuii sauti kumfikia jirani. Kufyonza sauti ndani ya chumba na kuizuia isitoke ni mambo mawili mbalimbali. Kuizuia kwahitaji uzito, kama ukuta mnene, mlango mzito na nyufa zilizozibwa, na besi hupita kwenye zege hata hivyo. Weka spika juu ya kipande kinene cha mpira, ziba mwanya wa chini ya mlango, na zungumza na jirani kabla hajaenda kushtaki. Kanuni za kudhibiti kelele na mtikisiko za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zahusu nyumba kama zihusuvyo vilabu. Hata hivyo kuna faida: chumba kikishatulia, utajikuta wapunguza sauti mwenyewe, kwa kuwa maneno yasikika bila kupiga kelele.

Na mwenye chumba kimoja cha Kangemi asidhani makala haya hayamhusu. Kitanda, godoro, nguo zilizotundikwa na pazia la kugawa chumba tayari humeza sauti vizuri. Mara nyingi chumba chake chasikika vyema kuliko sebule ya Lavington. Akiwa na kuta za mabati, aning'inize blanketi kwenye ukuta unaotazamana na spika, atulize na mabati yasitetemeke, na kazi imekwisha.

Mimi nilianza na zulia, nikafuatia pazia, kisha fremu nne za leso. Sofa ya ngozi bado ipo, sikuwa na pesa za kuibadilisha. Ile spika ya besi niliiuza, na bei yake ililipa zaidi ya nusu ya kazi yote.

Disemba mamangu alikuja tena. Niliweka wimbo ule ule, sauti chini kuliko Julai, nami nikawa naimba pamoja na kaseti kama kawaida yangu. Akaninyamazisha kwa mkono. "Sivyo asemavyo," akanambia, akanitajia neno lenyewe. Nilirudisha nyuma nikasikiza. Alikuwa kweli. Tangu utotoni nilikuwa nikiliimba neno lile kimakosa, na fumbo lote la ubeti ule lilikuwa limenipita.

Kwa hivyo kabla hujashuka Luthuli Avenue kutafuta spika nyingine, piga kofi moja katikati ya sebule yako, utege sikio.